Kama Hakuna Fedha ya Betri, Msitangaze Zabuni

Ningekuwa na kiti katika Baraza la Madiwani la Kilolo, kuna zabuni moja ambayo ningeipinga mpaka sauti inikauke: zabuni ya kufunga sola kwenye zahanati, shule au ofisi ya kata bila kifungu cha fedha ya kubadilisha betri zitakapochoka. Sina ugomvi na sola. Nataka iwake leo na iwake miaka kumi ijayo. Nimechoka kuona fedha ya umma inapandishwa juu ya bati, inapigwa makofi na mgeni rasmi, kisha inaachwa ife huku wajawazito wakizalishwa kwa tochi ya simu.

Zahanati za namna hiyo mnazijua, zimetapakaa nchi nzima. Juu kuna paneli zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Ndani, kwenye kona ya stoo, kuna betri mbili zilizotuna ubavu, vichwa vyake vimeota unga wa kijani. Taa hazijawaka tangu masika ya mwaka juzi. Muuguzi anabana simu kwa meno ili mikono yote miwili imshike mtoto anayekuja duniani. Mganga mfawidhi hana namba ya fundi, hana nakala ya mkataba, na hajui dhamana ya vifaa iliisha lini. Kwenye vitabu vya halmashauri, zahanati hiyo imehesabiwa kuwa ina umeme.

Tatizo hili si la Kilolo peke yake. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa ripoti kwamba karibu watu bilioni moja, katika nchi za kipato cha chini na zile zinazozifuata, wanategemea vituo vya afya visivyo na umeme kabisa au vyenye umeme usioaminika. Na mwaka 2010 Benki ya Dunia ilichapisha mwongozo mzima kuhusu sola katika majengo ya huduma za jamii, ikionya kwamba mifumo isiyopangiwa matengenezo hufa ndani ya miaka mitatu hadi mitano. Tumeonywa mapema, kwa maandishi. Anayetangaza leo zabuni isiyo na matengenezo hawezi kusema hakujua.

Kwa mtu wa Kilolo jambo hili linauma zaidi. Mto Lukosi unashuka kutoka milima yetu, unaingia Ruaha Mkuu, na maji yake yanakwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu, megawati 204. Upande wa pili wa Udzungwa kuna Kihansi, megawati 180. Yote hayo yanaishia Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Wilaya inayotoa maji ya kuwasha Dar es Salaam ina kila haki ya kudai taa moja isiyozimika juu ya kitanda cha kujifungulia. Serikali inasema nguzo zimefika karibu vijiji vyote 12,318 vya nchi hii, na kazi hiyo ni kubwa, naiheshimu. Lakini nguzo kufika kijijini hakumaanishi umeme kufika wodini, na hata wodi iliyounganishwa inazimika mti unapoangukia waya kule msituni, mahali ambapo gari la Tanesco halipandi siku ya mvua. Sola itahitajika Kilolo kwa miaka mingi, kwa hiyo tujifunze kuinunua.

Kuinunua hatujui. Tunanunua sola kama tunavyonunua madawati. Dawati likishafika shuleni, likahesabiwa na kutiwa namba, kazi ya manunuzi imekwisha. Sola inaletwa kwa karatasi zilezile: kamati ya kukagua na kupokea inafika, inahesabu paneli nne, betri mbili, inveta moja, taa kumi. Swichi inabonyezwa, taa zinawaka saa sita mchana, sahihi inatiwa, muhuri unagongwa, hati ya malipo inakwenda. Hakuna aliyebaki pale mpaka saa tisa usiku kuona kama taa bado zinawaka. Hakuna aliyerudi Februari, wiki ya nne ya mawingu, kupima betri. Tumelipia vyuma na vioo, na umeme wenyewe hakuna aliyeuandika kwenye mkataba.

Sheria haikutulazimisha kufanya hivyo. Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya 2023 inasimama juu ya thamani ya fedha. Thamani ya fedha na bei ndogo siku ya kufungua zabuni ni vitu viwili tofauti. Tangu Oktoba 2023 zabuni zetu zinapita kwenye mfumo wa NeST, na mfumo huo umefunga milango mingi iliyokuwa ikipitisha bahasha za usiku. Lakini NeST haiwezi kukuuliza kama ulihesabu taa. Ukiingiza makisio ya hovyo, mfumo utakutafutia kwa haki na uwazi kabisa mtu wa kukuuzia uhovyo huo kwa bei nafuu.

Na makisio ni ya hovyo kwa sababu ya aibu moja ambayo wanaofanya kazi halmashauri wanaijua: mara nyingi anayeyaandika ni muuzaji. Anakuja “kusaidia”, anazunguka jengo nusu saa, anaacha karatasi yenye wati na bei, na karatasi hiyo inageuka kuwa hati ya zabuni. Ndugu Mkurugenzi, mtu anayetaka kukuuzia hawezi kuwa mshauri wako. Jirani yetu kuna VETA Iringa. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kinachofundisha wahandisi wa umeme. Mlipie mhandisi asiye na duka akae siku mbili katika kila jengo, ahesabu mahitaji, aandike. Gharama yake ni ndogo kuliko betri moja iliyonunuliwa kimakosa.

Hesabu yenyewe haihitaji uchawi. Chukua zahanati ndogo: taa kumi za LED za wati 9, zikiwaka saa sita, zinakula wati-saa 540. Kompyuta mpakato ya wati 50 kwa saa tano, 250. Hadubini ya maabara na simu za kituo, weka 200. Jumla haifiki yuniti moja kwa siku. Yuniti moja! Maisha ya mama na mtoto yanaweza kulindwa kwa umeme ambao Tanesco inauuza kwa shilingi zisizofika 400. Sasa mtu mmoja achomeke pasi ya wati 1,000 kwa saa moja, na mahitaji ya siku yamekuwa maradufu. Birika la maji ya chai likichemshwa mara kadhaa, usiku hakuna taa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika wati, andikeni nani ataruhusiwa kuchomeka nini, na nyumba ya mtumishi iwe na mfumo wake mdogo unaojitegemea. Muuguzi anayeishi gizani atavuta waya kutoka wodini, na mimi sitamlaumu. Nitamlaumu aliyepanga jengo la zahanati akasahau kwamba anayelihudumia ni binadamu anayehitaji kupika, kusoma na kuchaji simu.

Yuniti hiyo moja inahitaji akiba. Ukitaka zahanati ivumilie siku mbili za ukungu, unahitaji yuniti mbili ndani ya betri. Betri za asidi hazipaswi kunyonywa chini ya nusu, kwa hiyo lazima ununue uwezo wa yuniti nne, karibu betri mbili za ampea-saa 200. Za lithiamu zinaruhusu kutumika mpaka asilimia 80 na zaidi, na zinavumilia kuchajiwa na kutumika maelfu ya mara, wakati nyingi za asidi zinachoka baada ya miaka mitatu hadi mitano. Kwenye karatasi ya bei, asidi inashinda. Ndani ya miaka kumi, ukizibadilisha mara mbili na kulipa gari la kuzipandisha Udekwa au Kimala, inashindwa. Kamati ya tathmini isiyolinganisha gharama ya miaka kumi inachagua hasara, na inaichagua kwa niaba ya watu ambao hawakuwepo kikaoni.

Kilolo yenyewe ni wilaya mbili ndani ya moja, na hapa ndipo hati za kunakili kutoka wilaya nyingine zinapotuumiza. Panda Dabaga, Boma la Ng'ombe, Idete: baridi, ukungu unaoshuka asubuhi na kukaa mpaka saa tano, mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Shuka Ruaha Mbuyuni kwenye mashamba ya vitunguu: joto, jua kali. Paneli hupimwa kiwandani kwa nyuzi 25, na hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayoongezeka. Juu ya bati la Ruaha Mbuyuni paneli inaweza kufika nyuzi 60, na hapo karibu sehemu moja ya saba ya nguvu uliyolipia imeshapotea, kwa hiyo ifungwe juu kidogo ya bati, hewa ipite chini yake. Kule Dabaga ni kinyume: asubuhi ya Julai baridi inapandisha voti za paneli, na fundi aliyeunganisha paneli nyingi mfululizo mpaka ukingoni mwa uwezo wa inveta ataiunguza jua likichomoza. Hati moja ya wilaya nzima, wati zilezile na betri zilezile, italipa zaidi bondeni na itaacha giza milimani. Msanifu akadirie mahitaji kwa mwezi mbaya kuliko yote wa mahali husika. Wastani wa mwaka hauwashi taa usiku wa Machi.

Tuko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Paneli zielekee kaskazini, zilale kwa mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Leo zinafungwa popote bati linapoelekea. Na kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua ila sisi wa huku tunalijua: tunapanda mipaini. Shule inapanda paini mpakani kwa ajili ya mapato, ni jambo jema, lakini paini ya leo ni kivuli cha miaka mitano ijayo, na kivuli kikigusa pembe moja tu ya paneli kinaweza kuangusha nguvu ya mstari mzima. Hati ya zabuni iseme paneli zikae wapi, na kamati ya shule iandike wapi hapapandwi mti. Halafu radi. Nyanda za Juu Kusini radi si hadithi, na mfumo usiofukiwa waya wa ardhini na kuwekewa kinga ya mshtuko ni mfumo unaosubiri masika ufe.

Friji ya chanjo nitaisema peke yake kwa sababu hapo kosa linakwenda moja kwa moja kwenye mkono wa mtoto. Yapo majokofu ya chanjo yaliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani yanayoendeshwa moja kwa moja na paneli, bila betri, yakihifadhi ubaridi ndani ya barafu kwa siku kadhaa. Hayo ndiyo ya kununua, yakiwa na paneli zake yenyewe zisizounganishwa na kitu kingine chochote. Kuweka chanjo na redio ya chumba cha kusubiria kwenye betri moja ni uzembe, na mtu aliyeusaini awajibike kwa jina.

Kwa majengo makubwa ya barabarani, ofisi za halmashauri, vituo vya afya vya upande wa Ilula, kuna mtego mwingine. Mnaambiwa: fungeni sola iunganishwe na Tanesco, hakuna haja ya betri, bili itashuka. Bili kweli itashuka. Lakini inveta ya namna hiyo hujizima yenyewe umeme wa gridi ukikatika, kwa usalama wa fundi aliyepanda nguzo. Wakati wa mgao, kama ule wa mwishoni mwa 2023, jua litakuwa utosini na jengo litakuwa giza. Kwa ofisi ya mipango hilo linavumilika. Kwa chumba cha upasuaji ni hatari, na lazima kiwe na betri na inveta inayoweza kusimama peke yake. Mnunuzi asiyejua tofauti hii akae kitako aelezwe kabla hajasaini.

Sasa mkataba wenyewe. Hatuanzi sifuri. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi Oktoba 2007, uliwahi kujaribu chini ya mradi wa TEDAP njia ambayo ningependa kila diwani aisome. Katika Sumbawanga Vijijini, zahanati, shule na majengo mengine ya umma ya vijiji vingi yalikusanywa katika kifurushi kimoja. Mkandarasi alitakiwa kufunga, kisha kutunza kwa miaka, na kuuza sola kwa wananchi wa maeneo hayohayo. Mantiki yake ni nzito: zahanati moja iliyoko peke yake mlimani haimvuti fundi yeyote, lakini majengo arobaini pamoja na wateja wa majumbani yanaweza kumlipa fundi akakaa wilayani. Kilolo inaweza kufanya hivyo. Badala ya kila zahanati kununua kivyake pale mfadhili anapojitokeza, halmashauri itangaze kifurushi cha milimani na kifurushi cha bondeni, kila kimoja na miaka mitano ya matengenezo ndani ya bei, si kama nyongeza ya hiari.

Na malipo yafuate umeme. Mkandarasi alipwe sehemu kubwa akikabidhi, lakini sehemu ya maana izuiliwe na ilipwe mwaka baada ya mwaka, kwa sahihi ya mganga mfawidhi au mwalimu mkuu kwamba taa zimewaka. Kipindi cha matazamio cha miezi kumi na miwili hakitoshi kwa kitu ambacho ugonjwa wake huanza mwaka wa tatu. Mkataba useme taa ikizimika fundi afike ndani ya siku ngapi, na asipofika akatwe kiasi gani. Inveta ya akiba iwe Iringa mjini. Ikisubiriwa meli kutoka ng'ambo, wodi itakaa gizani miezi. Paneli ziwe na vyeti vya viwango vya IEC 61215 na IEC 61730, na kamati ya kupokea ije na mita, ipime, kwa sababu karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa paneli feki inaweza kuandikwa wati zozote. Fundi awe na leseni ya EWURA. Na kwenye kamati hiyo awemo atakayeutumia umeme wenyewe. Mkunga anajua taa inatakiwa iangaze wapi kuliko afisa ugavi yeyote.

Najua jibu linalokuja: halmashauri haina fedha. Zahanati zinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao tangu mwaka wa fedha 2017/18. Betri zikitarajiwa kudumu miaka mitano, sehemu ya tano ya bei yake iingizwe kwenye mpango wa kituo kila mwaka, ilindwe na kamati ya usimamizi ya kituo, isiguswe kwa posho wala semina. Sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi iende kwa makundi maalum, wakiwemo vijana. Kazi ya kuosha paneli, kukaza vichwa vya betri, kubadilisha taa na kutoa taarifa kila robo mwaka wanaiweza vijana wa Kilolo waliosoma VETA. Wapeni, walipwe kwa haki, na mtakuwa na macho katika kila kata. Watu wetu wanajua kutunza umeme wao: Boma la Ng'ombe kuna mtambo mdogo wa maji wa kilowati 250, uliojengwa kwa ushirikiano na shirika la CEFA la Italia na kuwekwa chini ya kampuni ya kijiji, wateja wakilipia. Kijiji kilipewa kuusimamia kama mali yake, wala si kama zawadi ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Na kama mfadhili ndiye anayelipa? Mfadhili aulizwe maswali yaleyale, kwa heshima ileile anayostahili mgeni. Nani atabadilisha betri? Fundi yuko wapi? Vipuri viko wapi? Akisema hilo ni letu baada ya kukabidhi, basi tumwambie alete mfumo mdogo zaidi na fedha inayobaki iwe akiba ya betri. Mgeni mwema ataelewa. Asiyeelewa alikuwa anatafuta picha, na wodi zetu si studio.

Waheshimiwa madiwani, rasimu za bajeti zinawafikia Januari na Februari, mwaka wa fedha unaanza Julai. Fungueni kurasa za afya na elimu, tafuteni neno “sola”, kisha tafuteni kwenye ukurasa huohuo fedha ya matengenezo na ya betri. Mkiliona la kwanza bila la pili, simameni, mtaje zahanati na kata yake kwa majina, mtake kifungu hicho kirudishwe kwa mkurugenzi kikaandikwe upya, na jambo hilo liingie kwenye muhtasari wa kikao ili wananchi wa kata hiyo wausome kwenye mkutano mkuu wa kijiji.